Barua ya wazi kwa mnaosimamia malikale zetu: kabla hamjachagua mbinu ya kampeni, njooni Kilwa Kisiwani siku ya bamvua

Shikamooni wakubwa zangu.

Nawaandikia nyinyi mliopo wizarani Dodoma, nyinyi wa mambo ya kale, nyinyi wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ambao ndo mmekabidhiwa magofu yetu, na nyinyi wa halmashauri hapa Kilwa Masoko ambao tunapishana sokoni kila siku. Ningeweza kuleta barua ofisini ikagongwa muhuri ikakaa kwenye faili, ila nimeona niiweke wazi kila mtu aisome, maana magofu ya Kisiwani ni ya kwetu sote, na haya nnayotaka kusema yanawahusu pia wenzetu wa Kaole, wa Kunduchi, wa Kondoa kwenye michoro ya miambani, na hata ndugu zetu wa Lamu kule ng'ambo ya mpaka.

Mimi natembeza wageni. Nimezaliwa Kisiwani, mama yangu bado anakaa kule, na karibu kila siku navuka na boti kutoka gatini Masoko naenda narudi. Sijasomea akiolojia. Ila kuta zile nazijua kama mtu anavyoijua nyumba aliyokulia, najua ipi inavuja, ipi ina mchwa, ipi usiegemee.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Kila ikitajwa kampeni ya kulinda malikale mambo yanakuwa yale yale, bango kubwa, tisheti, mgeni rasmi, ngoma, hotuba tatu nne, picha za droni, hashtegi, halafu watu wanagawiwa maji na soda wanarudi kwao. Sisemi hayo ni mabaya, watoto wanafurahi na watu wanakumbushwa kwamba kuna kitu pale. Kinachoniuma ni kwamba mbinu inachaguliwa kabla mtu hajauliza ni nini hasa kinachoua hayo magofu. Ni kama mganga anayekupa dawa ukiwa bado mlangoni hujasema unaumwa nini.

Niwaeleze nilichokiona bamvua ya mwezi uliopita. Kwa nyinyi wa bara, bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, huku kwetu yanajaa mpaka juu kwenye saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Nilikuwa na wageni wawili tumekaa kivulini sio mbali na Gereza, ile ngome ya zamani, tunasubiri boti, kaskazi inavuma, na wimbi linakuja linagonga ukingo wa ufukwe, wala sio kwa kishindo, linagonga taratibu linarudi, na kila likirudi linaondoka na udongo kidogo. Nikasogea nikachuchumaa. Pale maji yalipokata ukingo unaona matabaka kabisa, juu majani na mizizi, chini yake udongo, chini yake tena vigae vya vyungu na magamba ya chaza, na katikati ya vigae kulikuwa na kipande cha bakuli la Kichina, lile la kijani linalong'aa, kimechungulia nje ukubwa wa kiganja cha mtoto. Wimbi la tatu au la nne likakichukua. Nilinyoosha mkono sikukiwahi. Kitu kilichosafiri kutoka China mpaka Kilwa, kikalala ardhini karne kadhaa, kimeondoka mbele ya macho yangu ndani ya dakika chache, na hakuna ripoti yoyote itakayoandika kwamba kimepotea kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kipo.

Mgeni mmoja akaniuliza, sasa nyinyi mnafanyaje? Nikakosa jibu la maana.

Na mjue kile kilichoondoka hakikuwa takataka ya ufukweni. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika hapa akaandika kwamba Kilwa ni mojawapo ya miji mizuri kabisa na iliyojengwa vizuri. Dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji, ilikuwa inapita mikononi mwa watu wetu, masultani wetu walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe za shaba, na sarafu ya Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine zimeokotwa mpaka visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukaja kupanuliwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyejenga Husuni Kubwa juu ya jabali, kasri lenye vyumba zaidi ya mia na lile bwawa la pembe nane ambalo wageni wote lazima wapige nalo picha. Na wazee wanasimulia, na imeandikwa pia kwenye tarikhi ya Kilwa, kwamba Ali bin al-Hasan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo nyingi ya kukizunguka kisiwa kizima. Mimi nikisimulia hapo huwa nawaambia wageni wageuke waangalie ufukwe, wapige picha kichwani nguo imetandazwa pembeni mwa maji yote yale. Ufukwe huo wa hadithi ndo huo unaoliwa.

Kwahiyo adui wa kwanza ni maji ya bahari. Maji hayasomi bango. Maji hayawezi kuaibishwa mtandaoni wala kupelekwa mahakamani. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 barabara ikakatika pale Somanga tukakaa hatuna njia ya kwenda Dar, kila mtu akawa anaongelea barabara, na ni haki, barabara ni uhai, lakini mimi nilikuwa najiuliza kule ng'ambo usiku ule bahari imechukua hatua ngapi za ufukwe, na mpaka leo hamna mtu wa kunijibu kwa sababu hamna aliyekuwa amepima kabla.

Adui wa pili ni mvua na mizizi. Kuta hazina paa, mvua inaingia kwa juu, inalainisha chokaa ndani ya ukuta, halafu ndege anadondosha mbegu ya mkuyu kwenye ufa, mwaka wa kwanza ni kajani, mwaka wa tano ni mzizi mnene kama mkono wa mtu mzima. Na hapa kuna kosa moja linalofanyika kila tukiitwa kwenye usafi wa kujitolea, vijana wanakuja na nguvu zao wanang'oa. Mzizi ukishajishikilia ndani ya mawe ukiung'oa unashuka na ukuta. Mama yangu ambaye hajawahi kukaa kwenye semina hata moja anajua, kata shina, acha mzizi ufe wenyewe pale pale, rudi baada ya miezi uangalie kama umechipua ukate tena. Ni kazi ya subira ya mtu anayekaa karibu, haiwezi kufanywa na basi la watu wanaokuja siku moja wakiwa na tisheti zinazofanana.

Wa tatu ni saruji. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu saruji imeletwa na watu wenye nia njema. Kuna ukuta mmoja huwa nawapeleka wageni, sehemu yake ilizibwa na saruji miaka mingi iliyopita. Ukigusa saruji ni ngumu, nzima, kama jana. Ukishuka kidole chini yake, kwenye chokaa ya zamani inayoizunguka, inamomonyoka inakuwa unga, unabaki na vumbi jeupe kwenye kidole kama umeshika unga wa muhogo. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia unatoka. Ukiuziba kwa saruji unyevu na chumvi vinatafuta njia pembeni, vinatokea kwenye jiwe lenyewe, na jiwe ndo linaliwa. Kiraka kinabaki, nguo inaoza.

Na wa nne ni shida ya watu, na hapa naomba mnisome polepole.

Kuna mzee jirani yetu, jina lake siliweki hapa, miaka kadhaa nyuma alichukua mawe kwenye kifusi. Hakubomoa ukuta, alichukua yaliyokuwa chini, akaanza msingi wa choo maana masika yaliyotangulia choo chake kilikuwa kimetitia na ana wajukuu. Wakaja watu wa taasisi moja iliyokuwa na kazi pale, siitaji, wakamkuta. Wakamfokea mbele ya wajukuu zake, wakamsomea sheria, wakamwambia atafungwa. Sheria ipo kweli, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kila kilichojengwa kabla ya 1863 kina ulinzi wake, silibishi hilo. Mzee akayarudisha mawe kwa toroli, moja moja, watu wanamwangalia. Alichosema siku ile sikisahau, alisema mawe haya babu yangu aliyakuta na mimi nimeyakuta, hamna hata siku moja aliyekuja kunambia kwamba nayatunza, wamekuja leo kunambia nayaiba.

Matokeo yake nini? Tangu siku ile mtaa ule ukiona mtu anatoa jiwe unanyamaza. Ukiona mgeni anaweka kigae mfukoni unanyamaza. Zamani watoto walikuwa wakiokota sarafu wanakuja kuonesha watu wazima, sasa hivi hakuna mwenye hamu ya kuonesha kitu kitakachomletea maswali. Kampeni ya vitisho ilipata mawe ya toroli tatu, ikapoteza macho ya mtaa mzima. Na macho hayo hamuwezi kuyaajiri, hakuna bajeti ya kuweka mlinzi kila ukuta Kisiwani achilia mbali kisiwa jirani cha Songo Mnara ambako magofu yamezungukwa na mikoko na kufika kwenyewe mpaka upige hesabu za maji.

Najua mtasema dunia ina mifano mikubwa ya kampeni zilizofanikiwa kwanini tusiige. Tuiangalie basi.

Lamu. Wenzetu wale Mji wao wa Kale uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, halafu ukaja mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi. Walikuwa na maandamano, walikuwa na mabango pia, lakini kilichoangusha ule mpango ni kwamba walikaa wakasoma. Walijua adui yao ni karatasi, ni leseni ya mazingira, na karatasi inapigwa kwa karatasi. Wakaenda kwenye baraza la mazingira la Kenya, kesi ikachukua miaka, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mwaka mmoja kabla, wavuvi walishaenda Mahakama Kuu Malindi kuhusu bandari mpya na mahakama ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Nawavulia kofia. Lakini silaha yao kwetu leo itapiga hewa, maana kule kulikuwa na mtu wa kushtakiwa. Hapa tutamshtaki nani, wimbi? Ila naomba muiweke akilini, siku ukija mradi mkubwa kwenye pwani yetu hii, na mnajua pwani hii ina gesi na ina wawekezaji wanaozunguka, hapo ndo mahali pa wakili, sio pa ngoma, na wakili huyo ajulikane mapema, sio atafutwe siku tingatinga limeshafika.

Wengine wanapenda mfano wa Misri, Abu Simbel. Mwaka 1960 UNESCO ilitoa wito dunia nzima, maji ya bwawa la Aswan yanakuja yatazamisha mahekalu, na kweli nchi kama hamsini zikachangia, yakakatwa vipande, yakapandishwa mita 65 juu na kurudishwa nyuma kama mita 200, mwaka 1968 kazi ikaisha. Ni jambo kubwa na kila nikilisoma nasisimka. Lakini maji yale yale yaliwahamisha Wanubi maelfu kwa maelfu, wa upande wa Misri na wa upande wa Sudan kule Wadi Halfa, vijiji vyao na makaburi ya wazazi wao yakabaki chini ya ziwa. Jiwe likaokolewa na dunia ikashangilia, mwenye jiwe akapakiwa kwenye treni. Kila nikiona mpango wa kulinda Kisiwani unaoongelea kuta kurasa arobaini na wakazi nusu ukurasa nakumbuka Wadi Halfa.

Na mbinu ya aibu tumeijaribu wenyewe. Mwaka 2004 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ilikuwa fedheha, lakini ilifanya kazi, wafadhili wakaja, mafundi wakapata kazi, kuta zikaegemezwa, vichaka vikafyekwa, mikoko ikapandwa, na mwaka 2014 kwenye kikao cha Doha tukatolewa kwenye ile orodha. Nilifurahi kama wote. Ila angalieni kilichofuata kwa watu. Mafundi waliofundishwa chokaa wakati ule wengine wamerudi kwenye uvuvi, wengine wamehamia Dar wanapiga plasta za saruji kwenye maghorofa. Aibu ilileta fedha kwa kipindi, fedha ilipoondoka hakuna kilichobaki cha kumlipa fundi mwezi wa saba wa mwaka unaofuata, na ukuta wenyewe hauna likizo, unanyeshewa kila masika.

Kwa hiyo mimi mfano ninaoupenda kuliko yote ni Djenné, kule Mali. Msikiti wao mkubwa ni wa udongo, uliopo sasa ulijengwa mwaka 1907, na kila mwaka mji mzima unatoka kuupaka udongo upya. Vijana wanakimbia na vikapu vya matope, wanawake wanaleta maji, mafundi wa ukoo wanapanda kwenye ile miti iliyochomoza ukutani, wazee wanasimamia, watoto wanachafuka mpaka kwenye nywele. Hamna anayeita kampeni. Ni kalenda yao, kama sisi tunavyojua lini Maulidi lini Mwaka Kogwa. Mali wamepita kwenye vita na mji wenyewe umewekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2016 kwa sababu ya usalama, lakini ule msikiti unapakwa udongo kwa sababu kuupaka ni jambo la mji, halisubiri mgeni rasmi.

Sisi tunaweza kuwa na yetu. Baada ya masika, jua halijawa kali, kabla kaskazi haijaanza, siku kadhaa za chokaa. Chokaa yenyewe ichomwe mapema kwa mawe ya nchi kavu, wala tusichome matumbawe hai na magogo ya mikoko kama zamani maana tutakuwa tunaua mlinzi ili tumtibu mgonjwa, iloweshwe, ifukiwe shimoni miezi mpaka ikawe laini kama siagi, hayo wazee wachache waliobaki wanayajua na wasipofundisha sasa hivi wataondoka nayo. Fundi mkuu alipwe, wasaidizi walipwe, kina mama wapike na walipwe, na kila kitongoji kiwe na ukuta wake, huu ni wetu wa mtaa fulani, ukidondoka mtaa wenu ndo utaulizwa. Yule mzee wa toroli mpeni ukuta. Nawaambia kwa uhakika kwamba akipewa ukuta yeye hakuna jiwe litakalotoka pale.

Na kuhusu mikoko, jamani, tuongee ukweli. Kupanda mikoko ndo imekuwa picha rahisi kuliko zote, mnachukua zile mbegu ndefu za mkoko zinazochomekwa, mnachomeka elfu kadhaa asubuhi moja kwenye mchanga mtupu unaopigwa na wimbi, mnapiga picha, mnaondoka. Mwezi wa tatu nenda kaangalie, imebaki michache imeinama. Mtu anayeishi na bahari angewaambia pale mbele panapopigwa na wimbi mti wake ni mlilana, mkoko unakaa nyuma kwenye tope, mkandaa nyuma zaidi, kila mti una mahali pake. Na pengine mahali pengine hapafai mti kabisa, panahitaji mawe kwenye nyavu za waya yapangwe na mhandisi anayejua mikondo, maana ukizuia wimbi hapa linaenda kula pale jirani. Waulizwe wale wanaotembea ufukweni kila siku kutafuta pweza kabla mche wa kwanza haujachomekwa. Na malipo ya mche yatolewe baada ya mwaka, kwa mche ulio hai, sio kwa mche uliopandwa.

Kitu kingine ambacho hakina gharama kubwa, vigingi. Nawaomba vigingi vya zege vifupi, vipigwe juu ya ufukwe kuanzia Gereza kuelekea makaburi ya Malindi ya hapo hapo Kisiwani, viwe na namba, na watoto wa shule ya Kisiwani kila bamvua wapime kwa futi kutoka kwenye kigingi mpaka ukingo ulipokatika, waandike kwenye daftari. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu ambacho leo hamna, namba. Mtakapoenda bungeni kuomba bajeti, au kwa mfadhili, hamtasema tu hali ni mbaya, mtasema kigingi namba tano kimepoteza kiasi hiki tangu Januari na vipimo vimechukuliwa na watoto wa darasa la sita. Mimi nadhani hiyo ndo posti ya mtandaoni itakayomgusa mtu kuliko droni.

Halafu fedha ya kiingilio. Siku hizi meli za watalii zinakuja, siku nyingine unaona meli nyeupe kubwa imetia nanga na boti ndogo zinashusha wageni makundi kwa makundi, tunafurahi, na mimi ni wa kwanza kufurahi maana ndo riziki yangu. Ila mama yangu anawaona wanapita mbele ya mlango wake wanaenda msikitini wanarudi, na yeye maji ya kunywa bado ni hangaiko. Naomba ubao. Ubao wa kawaida wa mbao upigwe gatini Masoko na mwingine Kisiwani, kila mwezi uandikwe kwa chaki, wageni wangapi wamepita, fedha kiasi gani imeingia, ya kisiwa ni kiasi gani, imefanya nini. Mtu akiona kwamba mgeni aliyekuja kuangalia ukuta ndo amelipia bomba, hutahitaji kumhubiria thamani ya ukuta.

Sijasema msifanye tamasha. Fanyeni, watu wetu wanapenda ngoma na mimi nitakuja kucheza. Ila fedha ya jukwaa na mahema ikitoka kwanza halafu fundi wa chokaa ndo atafutiwe kilichobaki, hapo mtakuwa mmechagua vibaya, na nitawaambia hivo hivo hadharani kama nnavyoandika leo, kwa heshima zote.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Kabla hamjakaa kikao cha kupanga kampeni nyingine, mje Kisiwani siku ya bamvua, hata watatu tu, bila msafara. Saa tisa mchana niwakute gatini, boti ipo, tutakuwa tumefika kabla maji hayajajaa. Tutasimama pale kwenye ukingo niliposimama mimi, tutakaa kama saa moja hivi bila kuongea sana, halafu tutapita kwa yule mzee maana ameshanambia mkija anataka kuwaonesha kitu, kuna ukuta nyuma ya nyumba yake ambao amekuwa akiukata mikuyu mwenyewe miaka yote hii bila kuambiwa na mtu. Vaeni viatu vya kulowa, na mje na futi.